Kinjikitile Ngwale na Neno la Maji: Maumbile, Tafakuri na Kuwapo katika Maisha ya Mganga wa Ngarambe

1.0 Utangulizi

Kinjikitile Ngwale hutajwa katika karibu kila kitabu cha historia ya Tanzania, na kila mara hutajwa kwa ajili ya vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Swali linaloulizwa kumhusu limekuwa lilelile kwa muda mrefu, nalo ni kama dawa yake ilikuwa ya kweli au ya uongo. Swali hilo lina uzito, kwa kuwa watu wengi mno walikufa. Hata hivyo, ni swali linalomtazama mganga huyu kutoka kwenye mtutu wa bunduki, si kutoka ukingoni mwa maji alikosimama. Makala haya yanayafuata maisha yake kwa upande wa pili, yaani upande wa lugha na maumbile. Yanachunguza namna neno moja lililochotwa mtoni lilivyowafanya watu wa Rufiji na Umatumbi wasimame, watafakari hali yao, kisha waione dunia yao upya.

Dhana ya ushairi wa maumbile inatumika hapa kwa mapana yake. Haihusu tungo zenye vina na mizani peke yake. Inahusu kauli yoyote yenye taswira, mapigo na urudiaji, inayoyachukua maumbile (mto, mbegu, mvua, mnyama) na kuyafanya kuwa njia ya kufikiri. Katika jamii ambazo elimu yao ilihifadhiwa kwa kinywa, ushairi wa namna hiyo uliishi katika maneno ya waganga, katika nyimbo za ngoma na katika masimulizi. Kazi yake ilikuwa kumtuliza msikilizaji mahali alipo, ili akitazame tena kitu ambacho amezoea kukipita bila kukiona. Masimulizi ya maisha ya Kinjikitile ni mfano mzito wa ushairi huo, na pia ni onyo kuhusu yanayoweza kutokea tafakuri inapokosa muda wa kukomaa.

2.0 Mto na Watu Wake

Haiwezekani kuelewa neno la Ngarambe bila kuuelewa mto Rufiji. Mto huu hushuka kutoka nyanda za juu za kusini, ukikusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na hukaribia bahari kwa kugawanyika katika mikono mingi inayokabiliana na kisiwa cha Mafia. Huko kwenye delta kuna msitu wa mikoko wenye eneo la hekta zipatazo 53,000, ambao ni mkubwa kuliko misitu mingine ya mikoko katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni kwa karne nyingi. Sehemu ya kaskazini mwa mto pamoja na delta iko leo katika wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka wilaya ya Rufiji katika miaka ya 2010. Ngarambe na Mohoro, mahali pawili panapoibeba hadithi hii, pamo upande wa kusini.

Wandengereko, Wanyagatwa, Wamatumbi, Wakichi na Wangindo wanaoishi katika nchi hiyo na pembezoni mwake walijifunza tangu zamani kuishi kwa kuyasoma maji. Mafuriko yalikuja na rutuba, na yaliweza pia kuja na njaa. Mkulima wa bondeni alipanda mpunga akiitegemea mvua na kutarajia gharika. Maji yalipopungua alipanda tena katika udongo uliobaki na unyevu, kilimo ambacho Warufiji wanakiita mlau. Wakati wa kulinda mazao familia zilihamia kwenye madungu, vibanda vilivyojengwa juu ya nguzo ndefu, na kutoka huko juu ziliitazama nchi ikibadilika rangi chini yao. Maisha ya namna hiyo hayamruhusu mtu kuwa na mawazo ya mbali huku macho yake yakiwa mbele ya mto. Anayepuuza rangi ya maji, upepo au sauti ya ndege hupoteza shamba, na pengine maisha. Kuwapo kwa moyo na akili mahali mtu alipo ilikuwa sharti la kuishi kabla haijawa fadhila ya kifalsafa.

Kutokana na hali hiyo, imani za sehemu hizi ziliuweka mto katikati. Bokero alikuwa nguvu kuu ya kiroho iliyohusishwa na Rufiji, na chini yake walikuwapo wengine, akiwamo Hongo. Watu walikwenda kwenye mahali patakatifu pa mto kuomba mvua, uzazi na mavuno. Kinjikitile hakuzua lugha ya maji. Aliirithi kutoka kwa watu ambao walikuwa wameitumia kwa vizazi vingi kuzungumza juu ya uhai.

3.0 Miaka ya Pamba

Wajerumani walipoimarisha utawala wao walileta aina nyingine ya wakati. Kodi ya nyumba ya rupia tatu ilianza kutozwa mwishoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1902 serikali ya Gavana von Götzen ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika sehemu za pwani na kusini mwake. Kila kijiji kilitakiwa kutoa watu wa kulima chini ya majumbe na maakida, na malipo yaliyowafikia wakulima yalikuwa kidogo kiasi cha kudharaulika. Mahali pengine walikataa kuyapokea.

Athari za mpango huo zilizidi upungufu wa fedha. Pamba ilidai kazi katika majira yaleyale ambayo mkulima alitakiwa kuwa shambani mwake akiyatazama maji na kuwafukuza ndege na nguruwe. Mtu aliyelazimishwa kuinama katika shamba la jumbe chini ya kiboko alikuwa ameondolewa katika mazungumzo yake ya kila siku na ardhi. Kwa lugha ya makala haya, alinyang'anywa kuwapo kwake. Hiyo ndiyo hali ya watu ambao neno la Ngarambe liliwafikia.

4.0 Kidimbwi cha Ngarambe

Mnamo mwaka 1904, kwa mujibu wa masimulizi ya wazee yaliyokusanywa baadaye, Kinjikitile aliingiwa na Hongo. Inasimuliwa kwamba asubuhi moja alivutwa na nguvu asiyoweza kuizuia, akaburuzika kwa tumbo huku mikono yake imenyooshwa mbele, mpaka akatumbukia katika kidimbwi na kutoweka. Jamaa zake walikimbilia ukingoni. Waliojua kuogelea walipiga mbizi wasimpate. Walilala hapohapo karibu na maji wakimngojea, na kesho yake, kwenye saa ileile, alitoka akiwa mzima na nguo zake zikiwa kavu. Alianza kusema mambo ambayo hakuwa akiyasema kabla.

Mtafiti wa historia anaweza kuuliza ni nini kilitokea hasa katika maji yale. Mtafiti wa lugha na fasihi ana swali jingine, yaani masimulizi haya yamejengwaje na yanamtaka msikilizaji afanye nini. Yana mambo matatu yanayostahili kuangaliwa. La kwanza ni ule mngojeo. Msimulizi hasemi lolote kuhusu yaliyojiri ndani ya maji. Anamweka msikilizaji ukingoni pamoja na jamaa, usiku kucha, macho yakiwa juu ya uso wa maji uliotulia. La pili ni muda. Kutoka asubuhi hadi asubuhi ni mzunguko kamili wa siku, na kwa hiyo anayesikiliza anapitishwa katika giza kabla ya kupewa habari njema. La tatu ni nguo kavu. Hii ni taswira inayopingana na kila analolijua mtu wa mtoni, na kwa sababu hiyo inamlazimisha asimame na kufikiri. Kitu kilichozama hulowa. Ikiwa hakikulowa, basi ama maji si yale yanayojulikana, ama aliyezama si yule anayejulikana.

Ujumbe alioutoa Kinjikitile uliendelea na njia hiyohiyo ya kufikiri kwa maumbile. Alieleza kwamba wahenga waliokufa hawakupotea bali wako salama kwa Bokero. Alisema pia kwamba Mpogoro, Mkichi na Mmatumbi wote ni watu wamoja, na akautumia ukoo wa Sayyid Said wa Unguja kuueleza umoja huo. Alijengwa kwake nyumba kubwa, ambamo watu waliweza kuja kuwasiliana na marehemu wao. Mahujaji walianza kumiminika Ngarambe kutoka Umatumbi, Uchichi, Ungindo na mabonde ya Rufiji, wakitembea kwa makundi. Wengi wao hawakuwa wamewahi kukutana isipokuwa kwa biashara au kwa ugomvi. Sasa walikaa katika uwanja mmoja, wakisikiliza neno moja.

5.0 Umbo la Neno

Dawa yenyewe ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mahindi na mtama. Hivi si vitu vya ajabu. Ni vitu vya kila jikoni na kila shamba, na ndiyo sababu vilikuwa na uwezo wa kishairi. Aliyeshika dawa ile alishika mto, mbegu na mafuta kwa pamoja, yaani mahitaji yote ya maisha yake ambayo shamba la pamba lilikuwa likiyatishia. Alipoambiwa kwamba vitu hivyo vina nguvu kuliko bunduki, aliambiwa jambo ambalo sehemu yake moja alikwisha kulijua: uhai wake ulitoka kwenye ardhi na mto, wala haukutoka bomani.

Umbo la neno lenyewe linastahili kuchunguzwa. Katika Kiswahili, maji ni nomino isiyo na umoja. Huchukua upatanisho wa wingi, na imo katika kundi moja na maziwa, mafuta na mate, vitu ambavyo havihesabiki kimoja kimoja. Mzungumzaji hawezi kulitamka akimaanisha kitu kimoja kilichojitenga. Neno hilo lilipofanywa kitambulisho cha watu wa makabila mbalimbali, sarufi yake ilikuwa tayari inabeba maana iliyotakiwa. Katika lugha za jirani neno la maji linafanana sana na la Kiswahili kwa kuwa asili yake ni moja ya Kibantu, hivyo halikuhitaji mfasiri lilipovuka kutoka bonde hadi bonde.

Aidha, neno hilo lilirudufishwa. Majimaji katika matumizi ya kawaida ni hali ya kuwa na unyevu, hali ya kitu kisicho kigumu. Udongo huwa majimaji baada ya gharika. Ahadi kwamba risasi zitapoteza ugumu wake na kuwa maji ilikuwa imefichwa katika mofolojia ya kilio chenyewe cha vita. Urudufishaji ulileta pia mapigo, na mapigo yalikuwa rahisi kukumbuka na kupokezana. Habari za Ngarambe zilienezwa Umatumbini kwa mnong'ono, kampeni ya siri iliyojulikana kwa jina la njwiywila, kutoka sikio hadi sikio. Mnong'ono humtaka msikilizaji asogee na anyamaze, naye msemaji hana budi kuchagua maneno machache. Ni njia ya mawasiliano inayodai utulivu wa pande zote mbili.

Jambo muhimu ambalo husahauliwa ni kwamba Kinjikitile hakuwaambia watu waende vitani mara moja. Masimulizi yanaeleza kwamba aliwaagiza waendelee kwa muda kufanya kazi za Wajerumani, wakingoja mpaka atakapotoa amri. Mngojeo wa jamaa pale ukingoni ulikuwa sasa umekuwa mngojeo wa nchi nzima. Kuna mantiki ya mkulima wa Rufiji katika agizo hilo: anayepanda mlau kabla maji hayajapungua hupoteza mbegu.

6.0 Neno Linapokwenda Mbio

Subira hiyo haikudumu. Mnamo Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, watu waliochoka kungoja waliamua kung'oa pamba. Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela ndio wanaokumbukwa kuwa waling'oa miche ya kwanza. Kitendo chao kilikuwa tangazo la vita, nacho kilifanywa kwa mkono juu ya mmea badala ya barua. Hata uasi ulianza kwa lugha ya shamba. Muda mfupi baadaye mapigano yalikuwa yameenea katika milima ya Matumbi na kufika pwani.

Mwezi huohuo Kinjikitile alikamatwa na kupelekwa Mohoro. Tarehe 4 Agosti 1905 alinyongwa pamoja na msaidizi wake. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa alitangaza kuwa kifo chake hakingebadili lolote, kwa sababu dawa ilikwisha kufika mbali, hadi Kilosa na Mahenge. Ndugu yake aliendelea kutoa maji kwa cheo cha Nyamguni, na wajumbe walioitwa mahongo waliipeleka dawa kwa watu ambao hawakuwahi kuiona Ngarambe.

Hapa ndipo palipo na msiba wa hadithi hii, na haifai kuufunika kwa sifa. Kadiri neno lilivyokwenda mbali na kidimbwi, ndivyo lilivyoachana na mngojeo, uwanja wa mahujaji na mbegu zilizoshikwa mkononi. Wengi walilipokea katikati ya vita vilivyokwisha kuanza, wakiwa na siku chache tu za kulipima. Taswira iliyowataka watu wafikiri umoja wao ikabaki kuwa maelezo ya namna risasi inavyofanya kazi. Mwishoni mwa Agosti 1905 wapiganaji waliivamia boma ya Mahenge wakiukabili moto wa bunduki za rashasha, wakaanguka kwa wingi. Baadaye Wajerumani walichoma vijiji, maghala na mashamba, na njaa ikawaua watu wengi zaidi ya waliouawa kwa risasi. Hesabu ya kiserikali ya Kijerumani ilitaja watu 75,000, na mwanahistoria Gwassa alikadiria kuwa waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Maji yaliyomwagika, kama zisemavyo methali, hayazoleki.

Je, neno ndilo lililoua? Jibu la makala haya ni kwamba swali hilo linaunganisha mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa. Waliowaua watu ni watawala waliotumia rashasha na njaa. Lakini pia ni kweli kwamba taswira ina masharti yake. Taswira ya maumbile hufungua akili ya anayekaa nayo. Anayeishika kama hirizi akiwa mbioni haimwonyeshi kitu, nayo huweza kumficha hatari iliyo mbele yake. Kinjikitile mwenyewe, kwa agizo lake la kungoja, anaonekana kuwa aliifahamu sehemu ya ukweli huu.

7.0 Kutoka Kinywani hadi Jukwaani

Kwa miongo sita baada ya kifo chake, Kinjikitile aliishi hasa katika kumbukumbu za wazee. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, walikwenda katika vijiji vya kusini kukusanya masimulizi ya vita. G. C. K. Gwassa aliendelea na utafiti huo na kukamilisha tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1973. Kutokana na kazi hizo, kidimbwi, nguo kavu na mbegu za mtama vilipata kuhifadhiwa kwa maandishi karibu kama vilivyosemwa.

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile. Hussein aliichukua habari ya mganga na kuirudishia tafakuri ambayo vita viliinyang'anya. Katika tamthilia hiyo mganga hana raha na neno lake. Analiona likikua na kumzidi kimo, na anaushtukia ule utii kwa Sayyid Said wa Unguja, kwa kuwa kumwondoa mtawala mmoja ili kumweka mwingine si ukombozi. Mwishoni anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, akiwafikiria watoto wa kesho ambao wangerithi ungamo hilo badala ya kurithi ari. Mtazamaji anaachwa na swali ambalo hawezi kulijibu kwa haraka. Kwa namna hiyo ukumbi wa maonyesho umekuwa ukingo mwingine wa kidimbwi, na watu wanakaa pamoja gizani wakingoja kumwona mtu akitoka majini.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Kinjikitile Ngwale, kama yalivyohifadhiwa, yanaonyesha kwamba ushairi wa maumbile haukuwa pambo katika jamii za Rufiji. Ulikuwa chombo cha kufikiria mambo mazito: kifo, umoja, kunyang'anywa na kurejeshewa. Nguvu yake ilitokana na vitu vilivyojulikana na kila mtu, na sharti lake lilikuwa utulivu wa anayesikiliza. Palipokuwa na utulivu, neno la maji liliwafanya watu waliotengana wajione kuwa wamoja. Utulivu ulipokosekana, neno hilohilo liliwaacha wazi mbele ya risasi.

Mto wenyewe haujaacha kudai kusikilizwa. Mwaka 1969 wakazi wengi wa bondeni walihamishiwa katika vijiji vya miinukoni kwa sababu ya mafuriko. Ujazaji wa bwawa la Julius Nyerere ulianza Desemba 2022, na mwaka 2024, mwaka ambao mitambo yake ilianza kuzalisha umeme, mafuriko makubwa yaliyakumba mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Mipango ya wataalamu huhitaji vipimo na takwimu. Pamoja na hayo, huhitaji pia maarifa ya yule anayeujua mto kwa kuutazama kutoka kwenye dungu, na maarifa hayo yamehifadhiwa katika lugha yake. Kuyakusanya masimulizi, nyimbo na misamiati ya maji ya Wandengereko, Wanyagatwa, Wamatumbi na Wakichi kabla hayajapotea ni kazi ya haraka kwa idara za lugha. Kuyasikiliza ni kazi nyingine, nayo haiwezi kufanywa kwa haraka.